Mawe ya kijani yanayotoka chini ya visiwa

Mwezi wa Mei 2018 watu wa Mayotte, kisiwa ambacho wenyeji hukiita Maore, walianza kuhisi ardhi ikitikisika. Halikuwa tetemeko moja likapita. Yalikuja mengi, mchana na usiku, na tarehe 15 Mei likaja moja lenye ukubwa wa karibu 6, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika eneo la visiwa vya Komoro. Kuta zilipata nyufa. Familia nyingi ziliogopa kulala ndani. Lakini hakuna aliyeona moshi wala moto. Ilichukua mwaka mzima ndipo, Mei 2019, wanasayansi waliokuwa kwenye meli ya utafiti Marion Dufresne walipogundua mlima mpya wa volkano chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa. Ulikuwa umeota kwenye sakafu yenye kina cha mita 3500, nao ulikuwa na urefu wa mita 800 hivi. Leo unaitwa Fani Maoré.

Kwa mtu aliyekuwa amelala nje na watoto wake, maswali yalikuwa ya kawaida kabisa. Kitu hiki kinatoka wapi? Kimekaa huko chini kwa muda gani? Kikiamua kupanda, kitachukua siku ngapi kufika? Katika somo hili tutaangalia jinsi maswali hayo yanavyojibiwa, na sehemu kubwa ya majibu inatoka kwenye kitu unachoweza kukishika mkononi: vipande vya mawe ya kijani vilivyokwama ndani ya mawe meusi ya volkano. Unaweza kulitumia somo hili na kikundi, au na wanafunzi wa sekondari. Vifaa vinavyohitajika vimo jikoni.

Jiwe geni ni nini?

Dunia tunayoikanyaga ina ganda la nje liitwalo ukoko. Chini ya bahari ukoko ni mwembamba, kwa kawaida kilomita 6 au 7 tu. Chini ya visiwa vya volkano huwa mnene zaidi, kwa sababu lava imejilundika juu yake na magma nyingine imegandia chini yake. Chini ya Mayotte unene wake ni karibu kilomita 17. Chini ya ukoko linaanza tabaka la kati la dunia, linalokwenda chini hadi karibu kilomita 2900. Watu wengi hudhani tabaka hilo ni bahari ya moto. Sivyo. Ni mwamba mgumu, wa moto sana, unaosogea polepole mno. Sehemu ndogo tu yake huyeyuka, na hiyo ndiyo magma.

Hakuna binadamu aliyefika huko kwa kuchimba kutoka juu ya kisiwa. Shimo la kina kuliko yote, lile la Kola nchini Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989, na hiyo ilikuwa kama theluthi moja tu ya ukoko wa mahali pale. Kwa hiyo tunategemea kuletewa.

Magma inapopanda kwa nguvu kupitia nyufa, humega vipande vya mwamba wa njiani na kuvibeba. Ikifika juu na kuganda, vipande hivyo hubaki ndani ya jiwe jeusi kama karanga ndani ya kashata. Wanajiolojia huviita kwa jina la Kigiriki lenye maana ya jiwe geni, na sisi tutasema hivyo hivyo: jiwe geni, mawe mageni. Yale yanayotoka tabaka la kati ni rahisi kuyatambua. Ni ya rangi ya kijani kama chupa ya soda au zaituni mbichi, yana chembechembe kubwa kama sukari guru iliyopondwa, na mpaka kati yake na jiwe jeusi ni mkali, kama uliokatwa kwa kisu. Ukilipima mkononi utaona ni zito. Jiwe hilo huitwa peridotiti, na chembe za kijani ni madini ya olivini. Likikaa sana juani na mvuani hugeuka rangi ya kutu, kwa hiyo usitafute kijani peke yake.

Katika Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, mawe haya yanapatikana upande wa kaskazini, kwenye lava za volkano ya La Grille. Kwa wasomaji wetu wa Arusha, kilima cha Lashaine karibu na Monduli kinajulikana kwa wanajiolojia wa dunia nzima kwa sababu hiyo hiyo, ingawa hicho ni cha bara na habari yake ni ndefu. Tutabaki visiwani.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Si kila jiwe la kijani ni kipande cha tabaka la kati. Magma yenyewe inapopoa hutengeneza chembe za olivini, nazo hutua chini na kujipanga hadi zikawa mwamba. Volkano ya Hualālai huko Hawaii ilitoa lava mwaka 1800 na 1801 iliyojaa mawe ya aina hii kwa wingi wa ajabu, na mengi yake ni watoto wa volkano hiyo hiyo. Mtaalamu huyatofautisha kwa kupima kemia yake. Hata hivyo mawe hayo nayo yana habari: yanaonyesha mahali ambapo magma iliwahi kutulia na kupoa.

Mchele na mawe yake

Hebu tuanze na jambo ambalo kila mpishi analijua. Ukitaka kutoa mawe kwenye mchele, unautia maji, unautikisa, unaumimina polepole kwenye chombo kingine. Mawe hubaki chini. Ukimimina kwa haraka, mawe yanakwenda pamoja na mchele, na wageni watayakuta mezani.

Magma hufanya vivyo hivyo. Peridotiti ni nzito kuliko magma: mita moja ya ujazo ya peridotiti ina kilo 3300 hivi, wakati ya magma ya kawaida ya visiwani ina kilo 2700 au 2800. Magma ikisimama ndani ya chumba kikubwa karibu na uso wa ardhi, mawe mageni huzama na kubaki sakafuni. Yakitufikia juu, maana yake ni kwamba magma hiyo, katika hatua yake ya mwisho angalau, haikupata nafasi ya kutulia. Ilimiminwa kwa haraka.

Tunaweza hata kukadiria kasi. Dondosha kokoto ndogo kwenye gilasi ya maji, kisha nyingine ya ukubwa huo huo kwenye gilasi ya asali. Kwenye asali inashuka taratibu. Sasa dondosha kubwa na ndogo kwa pamoja kwenye asali: kubwa inafika kwanza. Kwa hiyo kasi ya kuzama inategemea ukubwa wa jiwe, tofauti ya uzito, na jinsi kimiminika kilivyo kizito kutiririka. Tumefanya hesabu kwa jiwe lenye upana wa sentimita 10 ndani ya magma inayotiririka kwa uzito mara kadhaa kuliko asali, na jibu ni kwamba jiwe hilo lingezama sentimita 5 hivi kila sekunde. Ili lifike juu, lazima magma ipande kwa kasi zaidi ya hapo. Sentimita 5 kwa sekunde ni mita 180 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 4 kwa siku. Safari ya kilomita 30 haiwezi kuzidi juma moja. Magma ikiwa nzito zaidi, au ikiwa imejaa chembe na mapovu, jiwe huzama polepole na hesabu inabadilika. Ni kadirio tu. Lakini linatuonyesha tunazungumzia siku, si miaka.

Povu lililofungiwa

Kasi tumeipata. Kina je?

Ndani ya chembe za olivini mna vipovu vidogo sana ambavyo havionekani bila hadubini. Vilifungiwa humo chembe ilipokuwa bado chini, na vingi vimejaa hewa ya ukaa, ile ile inayotoka unapofungua soda. Kadiri chembe ilivyokuwa chini zaidi, ndivyo hewa hiyo ilivyokuwa imebanwa zaidi. Kilomita 30 chini, mgandamizo ni karibu mara 9000 ya ule wa hewa tunayovuta. Wataalamu hukata kipande chembamba cha jiwe hadi mwanga upite, wakakiweka chini ya hadubini yenye kifaa cha kupoza, wakaigandisha hewa hiyo kisha wakaipasha pole pole. Hewa ya ukaa safi huyeyuka nyuzi 56.6 chini ya sifuri. Halafu wanaendelea kupasha na kuangalia ni nyuzi ngapi zinazohitajika mpaka povu lote liwe kitu kimoja. Kutokana na hapo wanajua limebanwa kiasi gani, na hivyo lilifungiwa kina gani.

Kuna ugumu mmoja. Povu likipandishwa juu ghafla linaweza kupasua chembe kidogo na kupumua, hasa magma ikisimama njiani. Kwa hiyo mara nyingi linakumbuka kituo cha mwisho, si mwanzo wa safari. Ndiyo maana wataalamu hutumia pia kipimo cha pili, madini ya piroksini yaliyokua ndani ya magma, ambayo kemia yake hubadilika kulingana na mgandamizo na ambayo hayapumui. Mmoja anasema safari ilianzia wapi, mwingine anasema ilipumzika wapi.

Kanga mpya na shati jeupe

Muda ndio kipimo tunachokipenda zaidi, kwa sababu akina mama wengi wamewahi kukifanya bila kupenda. Ukiloweka kanga mpya nyekundu pamoja na shati jeupe, rangi huanza kuhama. Ukizitenganisha baada ya dakika tano, shati lina alama pembeni tu. Ukizisahau usiku kucha, rangi imeingia ndani kabisa. Mtu mwenye uzoefu akiliona shati anaweza kusema lilikaa humo kwa muda gani.

Olivini ya tabaka la kati ina magnesi nyingi na chuma kidogo. Magma inayolibeba jiwe ina chuma zaidi. Mara tu jiwe linapoangukia ndani ya magma, chuma huanza kuingia kutoka pembeni kuelekea katikati. Kasi ya kuhama huko kwenye joto la nyuzi 1100 au 1200 imepimwa maabara. Kwa hiyo mtaalamu anapopima jinsi chuma kilivyoingia, sehemu za milimita, anajua jiwe lilikaa ndani ya magma kwa muda gani kabla ya lava kuganda.

Kipimo hiki kilifanyika vizuri sana kwa mawe ya La Palma, kisiwa cha Hispania katika Visiwa vya Kanari, magharibi ya Afrika. Mwaka 1949 mgongo wa volkano wa Cumbre Vieja ulilipuka huko, na lava yake ilibeba mawe mageni. Miaka ya 1990 wataalamu wa Ujerumani waliyachunguza. Walikuta jambo la kushangaza kidogo: jiwe moja lingeweza kuwa na kingo za aina mbili. Upande mmoja ulikuwa na ganda nene na chuma kilichoingia ndani, ishara ya kukaa na magma miaka mingi, hata makumi ya miaka. Upande mwingine, pale jiwe lilipovunjika, ulikuwa karibu safi. Huo ulikuwa umekaa na magma siku chache tu, au saa.

Fikiria maana yake. Magma iliingia chini ya kisiwa, ikamega mawe, ikatulia. Miaka ikapita. Juu yake watu walilima migomba, walioana, walijenga. Kisha siku moja ikasukumwa tena, mawe yakavunjika upya, na baada ya siku chache ikawa nje.

Vipimo vya kina vilisema habari inayofanana. Kwa milipuko mbalimbali ya Cumbre Vieja, piroksini ilionyesha magma ilihifadhiwa kina cha kilomita 15 hadi 26 hivi, ndani ya tabaka la kati. Vipovu vilionyesha kituo kifupi cha kilomita 7 hadi 14, karibu na mpaka wa ukoko. Hakukuwa na dalili ya chumba kikubwa cha magma karibu na uso wa ardhi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005.

Mwaka 2021

Tunaeleza tarehe hizo kwa sababu ya yaliyofuata. Kuanzia Oktoba 2017 mitambo ya La Palma ilianza kunasa makundi ya matetemeko madogo, ya kina kirefu, ambayo watu wengi hawakuyahisi. Tarehe 11 Septemba 2021 likaanza kundi jipya, safari hii likipanda juu. Ardhi ikavimba. Tarehe 19 Septemba, saa 9 alasiri, mlima ukafunguka. Siku nane.

Rangi ya tahadhari ilikuwa bado ya njano, ya pili kati ya nne, ardhi ilipopasuka. Hata hivyo siku hiyo hiyo kazi ya kuwahamisha watu wasioweza kutembea vizuri ilikuwa imeanza, na hatua hiyo tunaiona ya busara kuliko zote, kwa sababu hao ndio wanaohitaji saa nyingi zaidi. Mlipuko ulidumu siku 85, hadi tarehe 13 Desemba. Watu wapatao 7000 walihama. Majengo zaidi ya 1600 yaliangamia, pamoja na karibu kijiji chote cha Todoque na kanisa lake, na mashamba makubwa ya migomba ambayo ndiyo maisha ya kisiwa kile. Kwa mlipuko ulioshuka kwenye makazi ya watu, vifo vilikuwa vichache mno.

Wakati lava ikiendelea kutoka, matetemeko yalitokea katika makundi mawili: moja kina cha kilomita 10 hadi 15, lingine kilomita 30 hadi 40. Ukilinganisha na yale ambayo mawe yalikuwa yamekwisha kuyasema, kundi la juu linakaa vizuri karibu na kituo cha njiani. Kundi la chini liko chini zaidi kuliko ilivyotarajiwa, kumbe ghala lilikuwa na sehemu nyingine huko chini. Mawe hayakusema kila kitu. Lakini yalisema jambo la msingi miaka kumi na sita kabla: kwamba kisiwa hiki hakina chumba cha juu cha kukipa onyo la muda mrefu, na kwamba magma ikianza kupanda, watu watakuwa na siku.

Tuongeze jambo moja kuhusu ile hewa ya ukaa. Baada ya lava kunyamaza, watu wa vitongoji vya pwani vya Puerto Naos na La Bombilla walizuiwa kurudi nyumbani kwa muda mrefu, ingawa nyumba zao zilikuwa zimesimama. Hewa ya ukaa iliendelea kutoka ardhini na kujaa kwenye vyumba vya chini. Ni hewa isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hutulia mabondeni. Wasomaji wetu wa Goma wanaijua kwa jina la mazuku, na hawahitaji kuelezwa.

Turudi Maore

Sasa tunaweza kurudi kwa yule mzazi aliyelala nje mwaka 2018. Matetemeko ya Mayotte yalipimwa, na mengi yalitoka kina cha kilomita 25 hadi 50, jambo ambalo si la kawaida kwa volkano. Kisha mawe ya lava mpya yalikwanguliwa kutoka sakafu ya bahari na kuletwa maabara. Chembe zake zilionyesha kwamba magma ya mwanzo ilitoka kwenye ghala la kina cha kilomita 37 au zaidi, ndani kabisa ya tabaka la kati, ikapanda moja kwa moja. Ghala hilo lilipokuwa likitoka magma, kisiwa chenyewe kilizama karibu sentimita 20 na kusogea kiasi kama hicho kuelekea mashariki. Jumla ya lava iliyotoka ni zaidi ya kilomita 5 za ujazo, moja ya milipuko mikubwa kabisa ya chini ya bahari iliyowahi kushuhudiwa. Dalili za mwisho za lava mpya ni za Januari 2021.

Lakini mawe ya zamani ya Mayotte ndiyo yanayotufanya tukae na suala hili. Karibu na Kisiwa Kidogo, kile cha Petite-Terre chenye uwanja wa ndege na ziwa la Dziani Dzaha ndani ya kreta, upo mwamba uitwao fonoliti. Magma ya fonoliti ni kama uji uliosahauliwa jikoni. Imekaa, imepoa kidogo, imeacha chembe zake chini, imekuwa nzito na kunata, na imejaa gesi. Ni aina inayopenda kulipuka kwa kishindo, si kutiririka. Kwa desturi, mtaalamu akiona fonoliti hufikiri ilikaa ndani ya chumba cha juu, ndani ya ukoko. Ila fonoliti ya Mayotte, ya nchi kavu na ya mgongo wa volkano ulio chini ya bahari, imekutwa na mawe ya kijani ndani yake.

Tukumbuke mchele. Kama uji huo ungekuwa umekaa ndani ya chumba cha juu, mawe ya tabaka la kati yasingekuwamo. Kwa hiyo ulikaa chini ya ukoko, karibu kilomita 17, ukazeeka huko huko, kisha ukapanda ukiwa na mawe ya huko. Hili lilibadilisha namna ya kuangalia hatari. Magma ya kulipuka inaweza kuja Petite-Terre bila kusimama karibu na uso wa ardhi, na bila dalili ndefu za kuvimba kwa ardhi ambazo watu wangezisubiri. Mtandao wa uangalizi uitwao REVOSIMA, ulioanzishwa mwaka 2019, unasikiliza hata matetemeko ya chini kabisa.

Ni muhimu kusema wazi kwamba hakuna jiwe linalotabiri tarehe. Jiwe geni ni shahidi wa mlipuko uliopita. Linaeleza tabia ya volkano, kama vile jirani anavyoweza kukueleza tabia ya mto wa kijijini: ukifurika, maji hufika mlangoni kwa saa mbili. Lini utafurika, hajui.

Matangi ya Ngazidja

Tabia za volkano mbili za kisiwa kimoja zinaweza kutofautiana. Ngazidja ni mfano. Kusini kuna Karthala, wenye urefu wa mita 2361, ambao hulipuka mara kwa mara. Kaskazini kuna La Grille, wenye vilima vingi vidogo na yale mawe ya kijani. Kwa Karthala watu wana mahali pa kuangalia: kreta ya juu. La Grille haina mlango mmoja. Magma yake ilipanda moja kwa moja kutoka chini, kila mara kwa ufa wake, na kilima kimoja kikaota hapa na kingine pale. Mtu anayeishi kaskazini hawezi kusema atakaa macho akitazama kilele.

Mwaka 2005 Karthala ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Majivu yalifunika vijiji vingi. Ngazidja haina mito ya kudumu, kwa sababu maji ya mvua hupenya kwenye lava na kupotea, na familia nyingi hutegemea matangi ya kukinga maji ya paa. Majivu yaliingia kwenye matangi hayo, na maelfu ya watu wakabaki bila maji ya kunywa ingawa matangi yalikuwa yamejaa. Ilibidi maji yasafirishwe kwa malori.

Hapa kuna kazi ambayo kikundi chochote kinaweza kuifanya bila kusubiri mtaalamu, iwe ni volkano ya aina ya Karthala au ya La Grille, kwa sababu haihitaji kujua tarehe. Tangi liwe na mfuniko unaofunga vizuri. Bomba linaloshusha maji kutoka kwenye mfereji wa paa liwe la kuchomoka kwa mkono, bila msumeno wala nyundo, ili mtoto mkubwa aliyebaki nyumbani aweze kulichomoa mara onyo linapotolewa. Baada ya majivu kuanguka, paa lifagiliwe kabla mvua haijayalowesha, kwani yakilowa huwa mazito na yanaweza kuangusha paa dhaifu. Anayefagia afunge kitambaa puani na mdomoni, na asipande juu ya paa ambalo hana hakika nalo. Mvua ya kwanza iachwe imwagike chini. Kisha bomba lirudishwe.

Kwa majadiliano ya kikundi, tunapendekeza kuanza na gilasi mbili, ya maji na ya asali, halafu bakuli la mchele. Baada ya hapo ulizeni: kama onyo lingekuwa la siku nane, siku ya kwanza tungemhamisha nani, na kwa chombo gani? Kama lingekuwa la siku mbili je? Nani kijijini ana ufunguo wa shule au ukumbi wa kupokea watu? Ni matangi mangapi kati ya yetu yenye bomba la kuchomoka? Nendeni mkayahesabu kabla ya mkutano unaofuata.